Kumfundisha Mtoto Mdogo Kuweka Akiba kwa Njia ya Sanaa

(Hotuba iliyotolewa na mwalimu wa shule ya msingi mbele ya wazazi, walimu na wafanyakazi wa mashirika, makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo, katika Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16 Juni. Kamati inaichapisha yote kwa ajili ya wazazi ambao hawakuweza kufika.)



Siku ya 16 Juni ilianza kuadhimishwa na nchi za Afrika mwaka 1991, kwa kuwakumbuka watoto wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 walipoandamana kudai elimu ya haki. Kila mwaka tunapokutana siku hii tunazungumza mambo makubwa: chanjo, ndoa za utotoni, haki ya kwenda shule. Mwaka huu Kamati imeniomba nizungumze juu ya jambo dogo, nalo ni shilingi mia ya mtoto.

Najua wengine wenu mnacheka moyoni. Mzee mmoja aliniambia wazi juzi: "Mwalimu, mkimbizi ataweka akiba ya nini? Mgao wenyewe hautoshi." Neno lake si la kupuuzwa. Tangu mwaka 2020 mgao wa chakula na fedha umepunguzwa mara kadhaa, na hakuna mtu hapa asiyejua maana yake jioni chungu kikiwa jikoni. Sikuja kuwaambia kwamba akiba ya mtoto itajaza pengo hilo. Haitajaza.

Lakini tuangalie jambo lilivyo. Watoto wetu tayari wanashika pesa. Wanatumwa dukani, wanakwenda Bweyale siku ya soko, wanawasaidia mama zao kuuza karanga na nyanya, wanapewa mia ya mandazi. Kwa hiyo hatuamui kama mtoto ajifunze pesa au asijifunze. Tunaamua nani atamfundisha. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu una karo kubwa kuliko shule yoyote.

NILIKOLITOA JAMBO HILI

Wengi mnanijua. Nilivuka mpaka pamoja na wazazi wangu mwanzoni mwa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Kenya, tukapokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo. Mwaka huohuo tukahamishiwa hapa Kiryandongo. Baadaye nilipata nafasi ya kusoma chuo cha ualimu huko mashariki mwa Uganda, na mazoezi ya kufundisha yalinipeleka kwanza Jinja, kisha Mbale. Miji hiyo miwili ndiyo iliyonionyesha kwamba mtoto wa miaka 6 anaweza kufundishwa akiba, mradi asifundishwe kwa maneno matupu. Ninayowaeleza leo nimeyaona huko, na baadhi yake nimeshayajaribu katika madarasa ya hapa.

KWA NINI SANAA

Mtoto wa darasa la kwanza hajui "mwezi ujao" ni nini. Kwake kuna leo, kuna kesho, na baada ya hapo ni giza. Ukimwambia, "Weka mia hii, baada ya wiki tatu utanunua daftari," umemwambia jambo asiloliona. Mia anaiona, andazi analiona, daftari la wiki tatu zijazo halioni. Basi anachagua andazi, wala si mjinga. Amechagua kile kilichopo.

Picha inaleta mbele ya macho kile ambacho bado hakijafika. Mtoto akichora daftari lake, akalipaka rangi na kulibandika ukutani, daftari hilo limeanza kuwapo. Sasa mia yake ina vitu viwili vya kuchagua, andazi na daftari, na vyote anaviona.

Aidha, tangu 2007 mtaala wa Uganda kwa madarasa matatu ya chini hufundishwa kwa mada, na ndani ya mada moja mwalimu anaweza kuunganisha hesabu, lugha na kuchora. Kwa hiyo siombi kipindi kipya. Naomba vipindi vilivyopo vitumike vizuri. Nitaeleza masomo manne, kila moja kwa utaratibu wake, ili mwalimu atakayesoma taarifa hii aweze kuyafanya bila kuniuliza.

SOMO LA KWANZA: SARAFU CHINI YA KARATASI

Vifaa ni sarafu chache, karatasi nyepesi na penseli, au kaa la jikoni. Weka sarafu mezani, funika kwa karatasi, kisha mtoto asugue penseli juu yake kwa kuilaza, bila kukandamiza. Picha itatokea yenyewe. Watoto hupiga kelele za furaha, na mwalimu awaache wapige.

Halafu mwalimu aulize: mmeona nini? Kwenye sarafu ya shilingi 50, ambayo siku hizi haionekani sana sokoni, kuna kichwa cha swala. Kwenye 100 yuko ng'ombe. Kwenye 200 yuko samaki. Kwenye 500 kuna kichwa cha korongo mwenye taji, ndege yule aliye kwenye bendera ya Uganda. Mtoto asiyeweza bado kusoma tarakimu anaweza kusoma mnyama, na kutoka kwa mnyama anahamia kwenye tarakimu.

Hapa kuna jambo ambalo mwalimu asiliruke. Sarafu ya 100 ni pana kuliko ya 500. Niliwapa watoto wa darasa la kwanza huko Jinja nafasi ya kuchagua moja kati ya hizo mbili, na karibu wote walishika ile ya ng'ombe kwa sababu ni kubwa. Hawa ndio watoto tunaowatuma dukani! Basi wasugue ng'ombe watano katika mstari mmoja, na mbele yao wamsugue korongo mmoja, waandike alama ya kulingana katikati. Hiyo ni hesabu, na hawataisahau, kwa sababu wameichora kwa mikono yao.

SOMO LA PILI: MLANGO WA BWAWA LA JINJA

Jinja ni mji uliokaa pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Watoto wa Jinja wanalijua, maana barabara imepita juu yake kwa miaka mingi. Watoto wa hapa hawajaliona, lakini maji yake wanayajua: maji yanayotoka Jinja hupita Ziwa Kyoga, yakazunguka mpaka Karuma, katika wilaya yetu hii, ambako bwawa jingine lilizinduliwa mwaka 2024. Kwa hiyo mwalimu anaweza kusema kweli kwamba mto ni huuhuu.

Somo ni hili. Chora ukuta mrefu katikati ya karatasi. Upande wa juu paka maji mengi ya buluu. Ukutani acha milango midogo. Upande wa chini chora taa, nyumba na mashine. Uliza: milango yote ikifunguliwa leo na maji yote yakatoka, kesho taa zitawaka kwa nini? Watoto wenyewe watajibu. Uliza tena: na milango yote ikifungwa daima, taa zitawaka? Hapo pia watajibu hapana.

Jibu hili la pili lina maana kubwa kwetu. Akiba si uchoyo. Maji yanazuiliwa ili yatoke kwa kipimo, kwa kazi iliyokusudiwa. Mtoto akifundishwa kufunga tu, atakuwa bahili. Akifundishwa kufungua tu, atakuwa mfujaji. Baada ya picha ya kwanza, kila mtoto achore bwawa lake mwenyewe: juu, mahali pa maji, achore sarafu anazopata na zinakotoka, chini ya milango achore kazi anazozitaka, moja kubwa na mbili ndogo. Mtoto mmoja wa huko Jinja alichora chini ya mlango mdogo bibi yake na kipande cha sabuni. Hakuna aliyemwambia achore hivyo.

SOMO LA TATU: DUARA LA MWAKA LA MBALE

Mbale ni mji wa kahawa. Ipo chini ya Mlima Elgon, na wakulima wa mlimani wanalima kahawa ya arabika. Chama chao kikuu cha ushirika, Bugisu, kiliundwa mwaka 1954, mwaka uleule bwawa la Jinja lilipofunguliwa. Kahawa ina tabia moja: fedha yake huja kwa msimu. Mavuno makubwa huangukia miezi ya mwisho wa mwaka, lakini tumbo linadai kila mwezi, na shule hufunguliwa Februari.

Kwa hiyo watoto wa Mbale niliwafundisha kuchora duara kubwa lenye vipande kumi na viwili, kama chapati iliyokatwa, kila kipande kikiwa mwezi. Katika miezi ya kahawa walichora punje nyekundu nyingi. Katika miezi mingine walichora jembe, mvua, sare ya shule, mgonjwa, arusi. Walipomaliza niliwauliza: mshale utoke wapi uende wapi? Wakachora mishale kutoka miezi ya punje nyekundu kwenda miezi mitupu. Mshale ule ndio akiba. Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo.

Wamasaba wana mfano mwingine pia. Tohara yao ya imbalu hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na hufunguliwa mwezi wa Agosti pale Mutoto, karibu na Mbale mjini. Familia yenye kijana anayetarajiwa haingojei Agosti. Inafuga kuku na mbuzi mapema, inatenga wimbi. Watoto wanayaona hayo nyumbani, na mwalimu anayaleta darasani. Nasi hapa tuna yetu. Kila kabila lililo mbele yangu, la Sudan Kusini, la Kongo, la Kenya, la Burundi, lina jambo ambalo watu huliandalia kwa muda mrefu. Mtoto aulize nyumbani, kisha achore.

Kwa makazi yetu tumeligeuza duara kidogo. Badala ya mwaka tunachora mwezi mmoja, na mahali pa kahawa tunachora siku ya mgao. Baada ya hapo mtoto anaonyesha siku zipi chungu hujaa na siku zipi kinapungua. Nawaomba wafanyakazi wa mashirika mpite madarasani mzitazame picha hizo. Zinaeleza mambo ambayo fomu zetu haziulizi.

SOMO LA NNE: KIBUBU NA PICHA YA MIRABA

Hili ndilo somo ambalo akiba yenyewe inaanza.

Vitabu vingine vinavyotoka nje vinaonyesha kibubu chenye umbo la nguruwe. Kwa familia za Kiislamu halifai, na watoto wengine nao hawaelewi uhusiano wa nguruwe na pesa. Tutengeneze maumbo yetu: boga, kuku anayeatamia, nyumba ya msonge. Udongo wa mfinyanzi upo kando ya mabwawa. Uondolewe mawe, ukandwe vizuri, watengenezwe bakuli mbili na kuunganishwa kwa udongo laini. Tundu likatwe kabla haujakauka, kwa kipimo cha sarafu ya 100 kwa kuwa ndiyo pana, na liachwe kubwa kidogo kupita kipimo, maana udongo ukikauka hunywea. Kikaushwe kivulini siku nne au tano, si juani, kisije kikapasuka, ndipo kichomwe. Pasipo na udongo, kopo tupu linatosha.

Kuhusu rangi, asiwepo mwalimu wa kusema hana. Ukitoka Mbale kwa barabara ya Soroti ukafika Kumi, karibu na hapo kuna miamba ya Nyero, yenye michoro ya watu wa kale: duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe. Hawakuwa na duka la vifaa vya shule. Udongo mwekundu tunao hapa hadi kwenye viatu. Majivu na unga wa muhogo vinatoa weupe, kaa linatoa weusi. Changanya na uji mwepesi wa muhogo ili rangi ishike, na brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha.

Kisha ije picha ya miraba. Mtoto achore kitu anachokitaka, katikati ya karatasi. Pembeni achore miraba, kila mraba ukiwa shilingi 100. Tuseme kitu ni cha shilingi 2,000: miraba itakuwa 20. Kila akitia mia kibubuni, anapaka rangi mraba mmoja. Mwalimu ahakikishe kitu cha kwanza ni kidogo, ambacho mtoto atakifikia katika wiki chache. Mtoto wa miaka 6 akichora baiskeli, ataikatia tamaa akiba kabla hajaionja. Aanze na penseli na kifutio, mwezi ujao daftari, baadaye kifaranga.

Nimesema kifaranga, na nasisitiza. Mtoto asiyepata sarafu kabisa, na hapa wapo wengi, asiachwe nje. Anaweza kuchora miraba ya mbegu za maharagwe alizozitenga, au ya vipande vya sabuni, au ya kurasa za daftari alizozitumia bila kuzichana. Akiba ni kutenga cha leo kwa ajili ya kesho, kiwe pesa au kisiwe pesa.

YALIYOONEKANA BUSOGA

Wageni wetu wa mashirika watauliza kama kuna ushahidi. Upo, na umetoka karibu na Jinja yenyewe. Katika nchi ya Busoga, watafiti wawili, Dean Karlan na Leigh Linden, walifuatilia mpango wa akiba katika shule 136 za msingi, pamoja na shirika la Kiganda liitwalo Private Education Development Network na benki ya FINCA. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2014. Wanafunzi wale walikuwa wakubwa kuliko hawa wetu, na mpango wao haukuwa wa kuchora, lakini walichogundua kinatuhusu.

Shule ziligawanywa. Katika baadhi yake, mtoto aliyeweka akiba alirudishiwa fedha taslimu. Katika nyingine alirudishiwa vocha, ambayo ingeweza kununua vifaa vya shule tu. Sote tungedhani vocha ni bora, kwa kuwa inamzuia mtoto kupotea njia. Ikawa kinyume. Watoto waliojua kwamba watarudishiwa fedha zao wenyewe mkononi waliweka zaidi. Na pale ambapo wazazi pia waliitwa wakaelezwa mpango, watoto hao walinunua vifaa vingi zaidi vya shule, na alama zao za mitihani zikapanda, si sana, lakini zilipanda.

Mimi napata mafunzo mawili hapo. La kwanza, mtoto huweka anapoamini kwamba kitu ni chake. La pili, mzazi asipokuwamo, nusu ya kazi imekufa.

KIBUBU CHA MTOTO SI KIBUBU CHA NYUMBA

Hapa, ndugu zangu, ndipo penye uzito wa maneno yangu, nanyi mnivumilie.

Huko Jinja palikuwa na msichana wa darasa la pili ambaye picha yake ilikuwa na viatu na miraba 30. Alipaka rangi miraba saba. Wiki moja nikamkuta ameisugua yote saba kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka. Nilipomuuliza, hakulia. Alisema tu, "Kopo limefunguliwa nyumbani." Nilimpa karatasi mpya. Alichora ua. Hakuchora miraba tena muhula ule wote.

Simlaumu mtu mzima aliyelifungua. Sijui shida aliyokuwa nayo, na pengine ilikuwa shida ya hospitali. Lakini tujue tunachokifanya. Tukichukua shilingi 700 za mtoto bila kumwambia, hatujachukua shilingi 700. Tumemfundisha kwamba kesho haina uhakika, na kwamba aliyekula andazi lake siku ileile ndiye aliyekuwa na akili. Watoto wetu wamefundishwa somo hilo mara nyingi mno. Wameliona nyumba zilipoachwa usiku, ng'ombe walipoporwa, shamba la mahindi lilipobaki na mahindi yake. Mtoto wa mkimbizi ana kila sababu ya kutoamini kesho. Kibubu ni njia moja ndogo ya kumrudishia imani hiyo, na kikivunjwa na mkono wa nyumbani, kinavunja zaidi ya udongo.

Shida ikija, na itakuja, iko njia. Mwite mtoto. Mwambie: "Mwanangu, tunaomba kukopa mia tano zako, tutazirudisha siku ya mgao." Achore deni hilo pembeni mwa picha yake, na likirudishwa alifute mwenyewe. Mkopo ulioombwa humfundisha mtoto heshima na hesabu pia.

"PESA HUOZA"

Wazee wameniambia jambo jingine, nalo ni kweli tupu. Methali husema akiba haiozi, lakini wao wameiona pesa ikioza. Hapa Uganda, Mei 1987, fedha zilibadilishwa: shilingi 100 za zamani kwa moja mpya, na asilimia 30 ikakatwa juu yake. Ndugu zetu wa Kongo wanakumbuka 1993, zaire milioni 3 za zamani zilipokuwa zaire mpya moja, na 1998 ilipoingia faranga. Ndugu zetu wa Sudan Kusini walipata pauni yao mwaka 2011, nao wanajua leo inanunua nini.

Kwa hiyo tusimfundishe mtoto uongo. Tumwambie: sarafu ni chombo cha kubebea safari fupi. Kwa wiki na miezi, kibubu kinafaa. Kwa miaka, geuza sarafu kuwa kitu kinachokua: kuku, mbuzi, mti wa matunda, elimu. Mwalimu anaweza kuwachorea watoto ngazi: chini sarafu, juu yake kifaranga, juu yake kuku na mayai, juu yake mbuzi. Mbuzi naye hufa, hilo pia waambiwe. Mwenye busara haweki vyake vyote mahali pamoja.

TAHADHARI

1. Tusitangaze nani ana kiasi gani. Siku ya maonyesho zibandikwe picha, zisisomwe fedha. Mwenye mraba mmoja na mwenye miraba 20 wote wapigiwe makofi kwa picha zao.

2. Mtoto asikose shule ili atafute pesa za kutia kibubuni. Akiba inayomtoa darasani si akiba.

3. Watoto wasibebe vibubu njiani kwenda na kurudi. Kinachokaa nyumbani kikae nyumbani, kinachokaa shule kikae shule.

4. Hakuna riba katika jambo hili, wala bahati nasibu, wala zawadi ya fedha. Familia za imani zote ziweze kushiriki kwa amani.

MAOMBI MATATU

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa maombi matatu ambayo Kamati inaweza kuyaamua.

Ombi la kwanza ni kwa Kamati: madarasa matatu ya chini yaruhusiwe kuwa na sanduku moja la kuhifadhia vibubu, lenye kufuli tatu, kama masanduku ya vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Ufunguo mmoja ukae kwa mwalimu, wa pili kwa mzazi aliyechaguliwa na wazazi, wa tatu kwa mwakilishi wa Kamati. Sanduku lifunguliwe mbele ya watoto, siku inayojulikana, na mtoto akitaka chake apewe chake. Asiulizwe maswali ya polisi.

Ombi la pili ni kwa mashirika: msituletee mabango yaliyochapishwa tayari. Tuleteeni karatasi tupu, penseli, na kuni za kuchomea udongo. Picha tutazichora sisi.

Ombi la tatu ni kwa wazazi: leo jioni mtoto akirudi na karatasi yenye ng'ombe, samaki na korongo waliosuguliwa kwa penseli, msiitumie kuwashia moto. Ibandikeni ukutani, na mumwombe awaeleze.

Kama mnayo noti yoyote ya Uganda katika zile zilizotolewa 2010, itazameni kwa makini. Mtaona sanamu ya mama mwenye mwili uliofungwa, naye amemwinua mtoto juu kwa mikono miwili. Ni Sanamu ya Uhuru iliyoko Kampala, iliyojengwa 1962, na aliyeichonga, Gregory Maloba, alizaliwa Kenya. Kazi ya mtu aliyetoka nchi jirani imo mifukoni mwa kila mwananchi wa Uganda. Mama yule hana kitu mkononi isipokuwa mtoto, na mtoto yuko juu.